Vyungu vya Min Akeyo na Sindano Isiyotulia

Ninyi mnaokimbilia bisibisi kabla hamjasikiliza mashine ya mtu inalalamika nini, ketini kidogo. Kazi hii nimeiacha mapema. Mvi zangu bado zaweza kung'olewa moja moja nikitaka, na si kwamba nilichoka. Ni miguu tu. Miguu yangu haijawahi kukubali kukaa mahali pamoja. Imenipeleka Isebania, Nakuru, Lodwar, ikanirudisha, ikanipeleka tena. Lakini nikilala ugenini na kusikia mvua ikigonga bati, akili hairudi Nakuru wala Lodwar. Inarudi Homa Bay, miaka ya sitini ikielekea kwisha, kwenye karakana ndogo nyuma ya kinu cha kusaga unga, penye harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na vumbi la mahindi.

Karakana hiyo ilikuwa ya Mzee Nashon Oloo, fundi wa vyombo vya kupimia katika kikosi chetu cha kutafuta maji. Alikuwa mtu mfupi, Msabato, asiyegusa kazi Jumamosi hata paa likianguka, na asiyenyamaza siku nyingine zote. Mimi nilikuwa nimetoka sekondari juzi tu. Nilijua kanuni za umeme kwa moyo, na sikuwa nimewahi kupigwa na umeme hata mara moja. Mzee Nashon alisema mtu wa namna hiyo ni hatari.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana siku hizi mnaiona imefanywa na sanduku lenye tarakimu. Ukitaka kujua kama kuna maji chini ya ardhi, unapigilia vyuma viwili mbali kwa mbali na kupitisha umeme wa betri kutoka kimoja hadi kingine. Katikati yavyo unaweka vyungu viwili vidogo vya udongo vyenye maji ya mrututu, ile dawa ya bluu wanayonyunyizia kahawa kule Kisii. Ndani ya kila chungu mna kipande cha shaba na waya. Maji ya bluu yanapenya ukuta wa chungu polepole, yanalowesha udongo chini yake, na hapo chungu na ardhi vinashikana mkono. Nyaya za vyungu huja kwenye mita. Jiwe kavu huukataa umeme. Jiwe lenye nyufa zilizojaa maji huuachia upite. Unasoma sindano, unasogea, unasoma tena, hadi uijue ardhi ya chini kama unavyoujua mkeka wako.

Shida ni kwamba kinachofika kwenye vyungu ni umeme kidogo mno. Ndiyo maana unahitaji amplifaya. Amplifaya ni mtu anayenong'onezewa jambo halafu analitangaza kwa sauti kubwa. Hana akili ya kubagua lipi ni neno na lipi ni upepo. Ukimnong'onezea upepo, atautangaza upepo vilevile, tena kwa bidii.

Wakati huo ndipo kilipotufikia kile kidude kipya. Cha mviringo, cha chuma, kikubwa kama kifungo cha koti, chenye miguu minane. Mzee Nashon alikiweka kiganjani akakitazama kama mtu aliyeletewa kifaranga. "Humu ndani," akasema, "mna transista zaidi ya zote nilizonazo kwenye kabati. Na zote zimebanwa hivi bila kugombana!" Tulipewa viwili tu, vikaja ndani ya kopo la tumbaku lililojaa pamba. Akajenga amplifaya kwa mikono yake, ndani ya sanduku la bati la biskuti.

Cha kwanza tulikiua.

Tulikuwa tunafanya majaribio nje ya mji, waya mrefu umelazwa kwenye nyasi, jua linawaka juu yetu. Mbali sana upande wa Kisii wingu lilikuwa limesimama, jeusi chini, jeupe juu. Hata ngurumo haikutufikia vizuri. Radi ilipiga huko huko kwake. Sindano ikaruka hadi mwisho, ikakaa huko, haikurudi tena. Nilidhani imekwama, nikagonga kioo kwa kidole.

"Usimgonge marehemu," akasema Mzee Nashon.

Hapo ndipo nilipofundishwa ulinzi wa mlangoni. Waya mrefu ulalao chini ni mtego. Radi haihitaji kuupiga, inatosha ipite jirani. Na kidude kile hakikustahimili: miguu yake miwili ya kuingilia ikitofautiana volti chache tu, kimekwisha. Mzee Nashon akafunga dayodi mbili ndogo za kioo kati ya miguu hiyo, moja imetazama huku, nyingine kule. Kwa umeme mdogo wa kawaida zinakaa kimya kana kwamba hazipo. Umeme ukizidi, iwe upande huu au ule, mojawapo inafungua na kuumwaga kabla haujaingia ndani. Mbele yake akaweka rezista kwenye kila waya, ili hata radi ikija kwa fujo ipunguzwe mbio kwanza.

"Sasa weka rezista kubwa kabisa, Mzee," nikamwambia. "Tuwe salama."

"Kubwa kiasi gani?"

"Kubwa tu. Mbona tuogope?"

Akacheka hadi akavua miwani. "Kijana, rezista yenyewe ina kelele yake. Joto tu linaifanya iongee peke yake. Weka kubwa, radi haitaingia, lakini hata mgeni uliyemwalika utamsikia kwa shida. Weka ndogo, utasikia kila kitu, pamoja na kifo chako." Akachagua ya katikati, akaisikiliza kwenye sindano, akabadilisha, akasikiliza tena. Kutwa nzima ilikwisha hivyo. Vijana, sehemu hiyo haina mkato. Mtu akikuambia thamani moja ya rezista inafaa kila mahali, huyo hajatoka nje ya mlango wa karakana.

Kulikuwa na kelele nyingine pia, na hiyo ilikuwa na saa zake za kazi. Kila alasiri sindano ilikuwa inatetemeka kama mtu mwenye malaria, ikifika jioni inapona. Nikabadilisha betri, nikalehemu upya kila mguu. Mzee Nashon akanywa chai yake taratibu, kisha akaniuliza, "Kinu kinaanza kusaga saa ngapi?" Mota ya kinu cha jirani ndiyo iliyokuwa ikituimbia kupitia nyaya zetu. Tulizisokota nyaya mbili moja juu ya nyingine mwanzo hadi mwisho, kama nywele zinavyosukwa, ili kelele iingie zote mbili kwa usawa na amplifaya iipuuze. Sindano ikatulia huku unga ukisagwa ukutani kwetu.

Na dayodi zile za kioo zilitusaliti siku nyingine. Sanduku limefunguliwa uani, na sindano inapanda na kushuka polepole kila wingu linapopita mbele ya jua. Kumbe mwanga ukiingia kwenye kioo cha dayodi unaamsha umeme kidogo ndani yake. Mlinzi tuliyemwajiri ndiye aliyekuwa akipiga kelele. Tukamviringishia utepe mweusi wa fundi umeme, tukafunga sanduku, ikawa kimya.

Basi tulipoitwa upande wa Magunga tulikuwa tunajiona mabingwa. Tulikuwa na kidude kimoja kilichobaki, kinalindwa, kimefunikwa, nyaya zimesukwa. Kiongozi wetu alikuwa injinia kijana, Bwana Mutiso, mtu wa Machakos, aliyekulia mahali pakavu na aliyekuwa hawezi kumwona mtu akimwaga maji ya kunawa bila kukunja uso. Kazi ilikuwa hii: mtambo wa kuchimba visima ulikuwa Ndhiwa, nao ulikuwa na nafasi ya shimo moja tu zaidi kabla haujarudishwa Kisumu. Kama tungepata mahali pa uhakika kule kijijini, ungekuja kwetu. Kama hatungepata, shimo hilo lingechimbwa Ndhiwa kwenyewe, ambako alama ilikuwa tayari imewekwa. Kule kijijini wanawake walikuwa wakitoka nyumbani jua linachomoza kwenda mtoni, na wakirudi, uji waliowaachia watoto umeshapoa kitambo. Kiangazi mto wenyewe ulikuwa unabaki madimbwi, na ng'ombe wanafika kwanza.

Barabara ya Ndhiwa ilikuwa barabara kwa jina. Lori lilipofika, vyungu vyetu vya kiwandani, vilivyotoka ng'ambo, vilikuwa vigae ndani ya majani makavu. Bwana Mutiso alishika kichwa.

"Mbona unalia, Bwana Injinia?" akasema Mzee Nashon. "Uko kwa Wajaluo. Chungu kitatushinda?"

Ndivyo tulivyofika kwa Min Akeyo, yaani mama yake Akeyo, mfinyanzi aliyejulikana kuanzia hapo hadi soko la Ndhiwa. Mama mrefu, mikono yenye udongo hadi viwikoni, mdomo usio na breki. Alikuwa anafinyanga mbele ya nyumba, akitumia maji ya kikombe kimoja kwa uangalifu kama mtu anayegawa dawa, maana kila tone alikuwa amelibeba kichwani mwenyewe. Mzee Nashon akamweleza kwa Kijaluo: vyungu vidogo vinne, vya ukubwa wa ngumi mbili, vya kuwekea maji ya dawa ya bluu, kwa ajili ya mashine ya kutafuta maji.

"Maji ya hapa?" akauliza.

"Ya hapa, mama."

"Mtachimba hapa hapa?"

"Tukiyaona."

Akanawa mikono. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mfinyanzi akikatiza kazi nusu chungu. "Nina vidogo vilivyokauka tayari. Nitawachomea leo. Nitawapa vizuri kuliko nilivyompa mtu yeyote."

Na alitupa. Vilikuwa vyembamba, vyeusi vya kung'aa, mviringo safi. Bwana Mutiso alivigonga kwa kucha vikalia kama kengele. Akataka kumwongeza malipo, mama akakataa: atalipwa na maji.

Sindano haikutulia hata dakika.

Niwaambie sheria ya kwanza ya kelele, na hii muishike hata kama mengine mtayasahau. Kabla hujagusa kitu, unganisha nyaya mbili za kuingilia pamoja, uzipige shoti, hapo hapo mlangoni. Kelele ikiendelea, mgonjwa ni amplifaya yako. Ikikatika, iache amplifaya ya watu, shida iko nje. Tulifanya hivyo. Tulipopiga shoti, sindano ilisimama wima kama askari. Tulipounganisha vyungu, ikaanza kutangatanga: inapanda bila sababu, inashuka, mtu akipita karibu na waya inamfuata, Mzee Nashon akipiga chafya inaruka.

Kwa hiyo shida ilikuwa nje. Lakini wapi? Tulisuka nyaya upya. Tukahamisha vyuma. Nikalaumu mawingu ya Kisii, ingawa siku hiyo hayakuwepo. Mzee Nashon akalaumu dayodi, akazifungua, akazifunga. Bwana Mutiso akalaumu joto. Watu walikuwa wamekuja kutazama mashine ya kuona maji, na wazee wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini kama mashine imechagua kukataa nchi yao. Min Akeyo alikuja akasimama kando, mikono kiunoni.

"Inasema nini?" akaniuliza.

"Bado haijasema, mama."

"Mbona mnaigombeza? Labda inaona haya."

Siku ya pili ilikuwa vilevile. Jioni Bwana Mutiso akakaa kwenye kipandio cha lori, akasema taratibu, akiwa hatutazami, kwamba kesho ni Ijumaa. Ikifika kesho jioni bila kitu, atatuma neno mtambo ubaki Ndhiwa. "Sitamchimbia mtu shimo la kubahatisha," akasema. "Nimeona mashimo makavu Machakos. Watu wanayapita kila siku wakienda mtoni. Ni afadhali usiwachimbie kabisa."

Mzee Nashon aliliinamia sanduku lake la bati. Alikuwa amejenga amplifaya ile kwa mkono wake, na alikuwa ametoa wazo la vyungu.

Niliachiwa kuosha vyombo. Nikashika chungu kimoja kilichokuwa kimekaa juu ya ubao tangu asubuhi kikiwa kimejaa mrututu, nikakiinua. Nikauinamia ubao ule. Ulikuwa mkavu. Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa safi.

Mnaelewa? Tangu niingie kazi ile sikuwa nimewahi kuwa na mkono safi. Vile vyungu vya kiwandani vilitubandika bluu kila mahali: kaptula, viti vya lori, mkate. Dobi wa Homa Bay alikuwa ananiita Bwana Mrututu. Na sasa nilikuwa na siku mbili za kubeba mrututu, na vidole vyangu ni kama vya karani.

"Mzee," nikaita. "Hivi havitoki jasho."

Mzee Nashon alikuja, akaufuta ubao kwa kiganja, akakinusa chungu. Akakaa chini, akaanza kucheka kwa namna ambayo nilidhani analia. "Uji," akasema. "Amevipikia uji!"

Mimi ni mtoto wa nyumba yenye vyungu, nilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote. Kwetu chungu kipya hakikabidhiwi kwa mgeni hivi hivi. Kikitoka motoni kinanyunyiziwa maji ya magome yaliyochemshwa, kisha kinapikiwa uji mwepesi hadi vitundu vyake vyote vizibe, kisije kikamvujia mtu chakula chake. Mfinyanzi asiyefanya hivyo amekutukana. Tulikuwa tumemwambia ni vya kuwekea dawa. Min Akeyo, kwa kuwa alitaka maji kuliko mtu yeyote pale, aliviziba mara mbili.

Tukaweka viwili ndani ya karai la maji ya chumvi tukapima kati yavyo. Sindano ya kupimia ukinzani haikutaka hata kuondoka nyumbani: umeme haukupenya kuta za vyungu hata kidogo. Bwana Mutiso akauliza, kwa hiyo amplifaya ni nzima? Mzee Nashon akamweleza kwa mfano ambao Msabato hapaswi kuukumbuka: "Ulishaona wazee wanakunywa pombe ya chungu kwa mrija mrefu? Mimi ujana wangu ulipita huko, Mungu anisamehe. Kila amplifaya inakunywa kidogo mlangoni. Mrija ukiwa wazi, anakunywa bila mtu kujua. Mrija ukiziba, anavuta, anavuta, mashavu yanaingia ndani, na kila anayepita anamsikia. Hii yetu inavuta kwa mrija ulioziba, basi kila upepo wa shamba inauona ni pombe."

Asubuhi ya Ijumaa tukaenda kwa Min Akeyo sote watatu. Nilikuwa mkalimani, kwa sababu Mzee Nashon alisema yeye anaogopa. Nikamwambia mama, kwa heshima zote, kwamba vyungu ni vizuri mno, na tunaomba vingine vya kuchomwa tu. Bila magome. Bila uji.

Alinitazama kama nimevua nguo. "Vibichi?"

"Ndiyo, mama."

"Vivuje?"

"Vivuje kidogo."

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, na lilikuwa neno la kunionya. "Mimi nimefinyanga tangu kabla mama yako hajaolewa. Leo nitoe chungu kibichi hapa kwangu kitembee juani mbele ya watu? Kifike sokoni Ndhiwa waseme siku hizi vyungu vya Min Akeyo vinakojoa?"

"Anasema nini?" akauliza Bwana Mutiso.

"Anasema ana wasiwasi kidogo kuhusu ubora."

Mzee Nashon akageuza uso akakohoa. Min Akeyo akamwona. "Na wewe Jasabato usicheke! Ni wewe uliyeniambia ni dawa. Dawa inamwagwa?"

"Nilikosea kusema, Min Akeyo. Mashine inataka kulowesha ardhi. Kama chungu hakivuji, ni kama kuziba masikio ya mashine."

"Kwa hiyo nilikuwa ninawaziba masikio." Ilimwingia polepole, na niliona inavyomwingia, maana mikono yake iliacha udongo. "Siku mbili zote hizi mlikuwa hammalizi, ni kwa ajili ya uji wangu?"

Bwana Mutiso hakuhitaji tafsiri. Alichuchumaa mbele yake, suruali safi vumbini, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mama, umetutendea wema kupita kiasi. Tunaomba sasa ututendee kidogo tu."

Nikamtafsiria. Akatoa masharti. Atachoma vyungu vinne, vibichi. Hatavitoa mkononi mwake: atavibeba mwenyewe ndani ya leso, atavipanga mwenyewe pale tutakapomwonyesha, na tukimaliza atavichukua. Na asionekane mtu akivishika kuvitazama.

"Na kesho mnafanya kazi?" akauliza.

"Kesho ni Sabato," akasema Mzee Nashon.

"Mimi ni Mkatoliki. Kesho nachoma. Jumapili nitasali mapema halafu nije. Mungu wako apumzike, wangu yuko macho."

Bwana Mutiso alituma neno Ndhiwa: mtambo usubiri hadi Jumatatu, si zaidi. Msimamizi wa mtambo alijibu neno lisiloandikika.

Jumapili alikuja na gauni la kanisani na leso iliyofungwa kama imebeba mayai. Hakumwonyesha mtu. Alichimba kishimo kwa mkono, akakitia maji kidogo, akakizamisha chungu, akafunika kando zake kwa udongo kwa ustadi ambao sijauona kwa fundi yeyote tangu hapo. Nikajaza mrututu. Baada ya muda nikainua kimoja kidogo. Chini yake udongo ulikuwa umegeuka bluu.

Nikaunganisha nyaya. Sindano ikapanda, ikayumba mara moja, ikatulia.

Hamtaelewa kwa kusimuliwa. Mmezoea tarakimu. Sindano ikitulia baada ya siku za kutangatanga, hata ndege unaanza kuwasikia upya. Mzee Nashon alishusha pumzi. Bwana Mutiso akasema "washa," nikawasha umeme wa betri, sindano ikaenda mahali pake ikakaa, "zima," ikarudi. Washa, zima. Tukasogea, Min Akeyo akipanda na kung'oa vyungu vyake mbele yetu, gauni limefungwa kiunoni. Kutoka ukingo wa shamba la mtama tukashuka hadi mahali penye majani marefu nyuma ya nyumba za watu. Hapo sindano ilianguka, maana yake jiwe la chini liliuachia umeme upite. Mbele yake ikapanda tena. Tukarudi nyuma, ikaanguka tena palepale. Mzee Nashon akapigilia kigingi.

Mawingu yalikuwa yameanza kusimama upande wa Kisii. Nikachomoa nyaya, nikapiga shoti mlango wa amplifaya kama nilivyofundishwa. Bwana Mutiso akakunja ramani akasema kesho asubuhi tutapima mstari mwingine unaokatiza huu, kabla mtambo haujafika, tuwe na uhakika kamili.

Nilipogeuka, Min Akeyo alikuwa amefungua leso juu ya jiwe. Akachukua chungu cha kwanza akakipiga jiweni. Kikapasuka.

"Mama!" nikapiga kelele. "Kesho tunavihitaji!"

Cha pili. Cha tatu.

"Mlisema mkimaliza. Mmeweka mti chini. Mmemaliza." Akachukua cha nne, akakishika mbele yake. Nilinyoosha mkono. Si kwa ajili ya kupima. Nilitaka kubaki nacho. Nilikuwa kijana, na nilijua sitaona tena chungu kama kile. Akaniangalia machoni, akakivunja, akavikanyaga vigae vyote kwa kisigino hadi vikawa udongo wa bluu.

Kisha akamgeukia Bwana Mutiso, akasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza tumsikie akisema Kiswahili: "Sasa. Maji iko ama haiko?"

Bwana Mutiso alimtazama Mzee Nashon. Mzee Nashon akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesoma sindano mchana kutwa, na kila tarakimu ilikuwa imepitia jicho langu. Hakukuwa na mstari wa pili. Hakukuwa na chungu. Kulikuwa na watu wamesimama hadi kwenye shamba la mtama, na mama mwenye vumbi la bluu kwenye kisigino. Niliikumbuka ile sindano ilivyoanguka, nikarudi nyuma, ikaanguka palepale. Haikuwa upepo.

"Iko," nikasema.

Hakuna kazi niliyofanya baadaye, Nakuru wala Lodwar, iliyoniuliza swali zito kama hilo. Mtambo ulifika Jumatatu ukiwa umepasuka tairi. Ulichimba vumbi siku nzima, vumbi jekundu, kisha la kijivu. Sikula. Min Akeyo alikuwa akipita na kazi zake, akisimama kidogo, akiondoka. Siku ya pili mchana mlio wa mtambo ukabadilika, ukawa mzito, na tope la kijivu likatoka shimoni likifoka. Likageuka maji ya rangi ya maziwa. Yakaendelea.

Watu walikimbilia hapo wakipiga vigelegele. Min Akeyo alisubiri yatulie, akakinga kiganja, akanywa, akayazungusha mdomoni. Hakutema.

"Yana chumvi kidogo," akasema.

Akajaza mtungi wake hadi ukingoni, akajitwika, akageuka kwenda nyumbani. Nilikuwa ninakunja kamba ya mtambo. Nilimfuata kwa macho kwa sababu nilitaka kumwona anavyotembea njia hiyo. Nilipoinama kufunga fundo, alikuwa ameshafika.